Viza ya mwenza tegemezi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mume au mke amepata kazi nje ya nchi, ametangulia, na wewe uliyebaki unajiuliza utamfuata lini na kwa karatasi gani. Nimeipita njia hii mara mbili. Mara ya kwanza nilinyimwa, mara ya pili nikapewa, na tangu hapo ndugu na marafiki hawaachi kuniuliza. Maswali yenyewe hujirudia, ndiyo maana nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Masharti ya uhamiaji hubadilika, tena mara nyingine ghafla, kwa hiyo kila kiwango na tarehe niliyoandika ihakiki kwenye tovuti rasmi ya nchi unayokwenda kabla hujalipa hata senti.

Viza ya mwenza tegemezi ni nini hasa?

Ni ruhusa ya kuingia na kuishi katika nchi ambako mwenza wako ana kibali cha kazi. Haisimami peke yake, inavutwa na kibali chake kama tela linavyovutwa na lori. Kibali chake kikiwa cha miaka miwili, chako nacho kwa kawaida kitaisha siku ileile. Kikifutwa, chako kimeingia mashakani.

Majina hutofautiana. Marekani huenda kwa herufi na namba: mwenza wa mwenye H-1B (viza ya kazi ya wataalamu) hupewa H-4, wa mwenye L-1 (viza ya mfanyakazi anayehamishwa ndani ya kampuni yake) hupewa L-2. Singapore wana pasi ya mtegemezi. Ujerumani huiweka chini ya kuungana kwa familia. Katika Falme za Kiarabu utasikia watu wakisema mume "amemdhamini" mke, maana huko mwenye kazi ndiye mdhamini wa ukaazi wa familia yake.

Usiichanganye na viza ya mwenza wa raia. Aliyefunga ndoa na raia wa Uingereza au Marekani hupita mlango mwingine, wenye fomu zake, ada zake na masharti yake ya kipato. Ukijaza fomu isiyo yako, ada huwa imekwenda na hairudi.

Je, kila anayefanya kazi nje anaruhusiwa kumleta mwenza wake?

Hapana. Hili ni swali la kuuliza kabla mkataba haujatiwa saini, na inaniuma kuona wangapi huliuliza mtu akiwa ameshapanda ndege.

Uingereza ilifunga mlango kwa wauguzaji wa majumbani na wa nyumba za wazee: walioingia kwenye viza hiyo kuanzia 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mwenza wala watoto. Tangu 22 Julai 2025 katazo likapanuka, na sasa wanaoajiriwa upya kwenye kazi zilizo chini ya kiwango cha shahada, kwa jumla, hawaleti wategemezi. Wanafunzi nao, tangu Januari 2024, wengi wao wamezuiwa isipokuwa walio kwenye shahada za utafiti au waliofadhiliwa na serikali.

Kanada, tangu 21 Januari 2025, kibali huria cha kazi (kisichokufunga kwa mwajiri mmoja) kwa mwenza kinategemea daraja la kazi ya aliyetangulia: kazi za uongozi na za kitaalamu zimo, na baadhi ya kazi za ufundi kwenye sekta zenye upungufu wa watu. Zaidi ya hapo, kibali cha aliyetangulia lazima kiwe kimebakiza angalau miezi 16 siku unapoomba. Mwenza wako akiwa na kibali cha mwaka mmoja tu, hesabu haikubali.

Kwingine kipimo ni mshahara. Singapore hutaka mshahara wa kudumu usiopungua dola 6,000 za Singapore kwa mwezi. Falme za Kiarabu hutaka dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba inayotolewa na mwajiri. Marekani haina kiwango kilichoandikwa kwa H-4, lakini ofisa wa ubalozi atataka kuridhika kwamba mshahara huo unatosha watu wote mtakaoutegemea.

Ndoa yetu ilifungwa kidini, au kimila. Inatosha?

Ndoa inaweza kuwa halali mbele ya Mungu na mbele ya wazee, na bado ofisa wa uhamiaji asiione. Yeye anauliza jambo moja: je, nchi ilikofungwa inaitambua kisheria, na kuna cheti cha serikali cha kuonyesha hivyo? Kama hamna cheti, kasajilini ndoa kwanza. Kiapo cha mashahidi mbele ya wakili husaidia pale ambapo cheti hakipatikani kwa sababu zinazoeleweka, kama vile masjala iliyoungua au kuhama kwa sababu ya vita. Kikitumika badala ya usajili ambao mngeweza kuufanya, huzaa maswali zaidi.

Wale waliofunga ndoa kwa simu, au kwa kuwakilishwa na wakala, wawe macho. Kanada haizitambui ndoa hizo kwenye mambo ya uhamiaji tangu 11 Juni 2015. Marekani huitambua tu ikiwa wawili hao walikutana kimwili baada ya kufungishwa. Wengi hufunga ndoa upya ana kwa ana, mwenye kazi akirudi likizo, na tarehe inayotumika ikawa hiyo ya pili.

Sisi ni wachumba tu, au tunaishi pamoja bila ndoa. Je?

Inategemea unakokwenda. Uingereza inawakubali wenza wasiofunga ndoa wakionyesha uhusiano wa kudumu wa angalau miaka miwili. Kanada hutaka muwe mmeishi pamoja miezi 12 mfululizo, na Australia nayo kwa kawaida hutaka miezi 12. Marekani, kwa H-4 na L-2, ndoa ni lazima. Nchi za Ghuba hudai cheti cha ndoa kilichothibitishwa. Uchumba peke yake haukufikishi kwenye viza hii karibu popote.

Na mwenye mke zaidi ya mmoja?

Marekani, Kanada, Uingereza na Ujerumani zinatambua mwenza mmoja tu. Usifiche ndoa nyingine kwenye fomu. Ikigundulika, kosa linakuwa la udanganyifu, na adhabu yake ni nzito kuliko kunyimwa viza.

Niandae karatasi zipi?

Orodha rasmi utaipata kwenye tovuti ya nchi husika, na uifuate hiyo. Hapa nitasema yale ambayo orodha haisemi.

Gawa makaratasi mafungu matatu. La kwanza linakuhusu wewe: pasi yenye uhai wa kutosha (miezi sita ni kiasi salama), picha, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema kutoka polisi kinapotakiwa, vipimo vya afya. La pili linahusu ndoa: cheti, na hati ya talaka au ya kifo kama mmoja wenu aliwahi kuwa na ndoa nyingine. La tatu linamhusu aliyetangulia: nakala ya pasi na kibali chake, mkataba, barua ya mwajiri ya hivi karibuni, karatasi za mshahara, taarifa za benki, na mara nyingi mkataba wa nyumba. Ujerumani huangalia kama nyumba inatosha idadi ya watu. Dubai hutaka mkataba wa upangaji uliosajiliwa.

Fungu hilo la tatu ndilo huchelewesha watu, kwa sababu liko mikononi mwa mtu mwingine aliye mbali na mwenye kazi nyingi. Muombe akutumie kila kitu mapema, uwe nacho wewe. Nasisitiza: uwe nacho wewe, kwenye simu yako na kwenye barua pepe yako, pamoja na nakala za karatasi kwenye bahasha yako. Utaitwa mtegemezi kwenye fomu, lakini kwenye kuyajua mambo yako usimtegemee mtu.

Kisha angalia majina. Keti chini na pasi zote mbili, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa, usome herufi kwa herufi. Fatuma kwenye pasi na Fatma kwenye cheti ni watu wawili mbele ya kompyuta. Angalia pia mpangilio: jina la babu limeandikwa huku, halipo kule. Rafiki yangu alikuwa na cheti cha ndoa kisicho na kosa, lakini mtafsiri alipokigeuza kwenda lugha ya ubalozi akaandika mwezi wa 7 badala ya mwezi wa 1. Hakuna aliyeikagua tafsiri kwa sababu hawakuijua lugha. Ilibidi aanze kutafuta miadi upya. Kukagua tarehe na majina si lazima uijue lugha. Namba ni namba.

Kama tofauti ya majina ipo tayari, rekebisha cheti kwenye masjala ukiweza. Usipoweza, fanya hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, uiambatanishe.

Apostili na kugongesha mihuri ni kitu gani?

Ni uthibitisho kwamba sahihi na muhuri kwenye cheti chako ni vya kweli. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 5 Oktoba 1961 hutumia hati moja tu, apostili, na ikishabandikwa basi. China ilianza kuutumia Novemba 2023, Kanada Januari 2024, na Saudi Arabia Desemba 2022. Mkataba huo hufanya kazi ikiwa nchi iliyotoa cheti na inayokipokea zote ni wanachama.

Nje ya hapo kuna mlolongo: cheti kinathibitishwa na mamlaka iliyokitoa, kinakwenda wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyohiyo, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Falme za Kiarabu huongeza hatua ya wizara yao ya mambo ya nje, na tafsiri ya Kiarabu. Tenga wiki kadhaa, na usikipeleke cheti cha asili kama huna nakala zilizothibitishwa nyumbani.

Pesa benki zionekane vipi?

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Mume wangu alinitumia pesa za kutosha, tena zaidi ya zilizotakiwa, zikaingia siku tisa kabla ya kuomba. Kwenye taarifa ya benki kulikuwa na mistari mingi ya salio dogo, halafu mstari mmoja mkubwa chini kabisa. Barua ya kukataa ilikuwa na sentensi mbili kuhusu jambo hilo. Pesa zilikuwepo, historia yake haikuwepo.

Ofisa hataki kuona fungu tu, anataka kuona limekaa. Uingereza wameliandika waziwazi: pauni 285 kwa ajili ya mwenza, pauni 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa kila anayefuata, na kiasi hicho kikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, siku ya mwisho ikiwa ndani ya siku 31 kabla ya kuomba. Salio likishuka siku ya 20, hesabu inaanza upya. Kuna nafuu mbili: mwajiri akikubali kuandika kwamba atawatunza mwezi wa kwanza, au wewe unayeomba ukiwa umeshakaa huko kihalali miezi 12 au zaidi, ulazima huo huondoka.

Pesa kubwa ikiingia kwa sababu halali, kwa mfano umeuza kiwanja au gari, weka mkataba wa mauzo pamoja na taarifa ya benki. Usiazime pesa za kuonyesha. Maofisa wanaujua mchezo huo kuliko unavyodhani.

Gharama zote ni kiasi gani?

Ada ya viza ni sehemu moja tu. Marekani, H-4 na L-2 ni dola 205 kwa kila mwombaji. Ujerumani, viza ya kitaifa kwa mtu mzima ni yuro 75. Kanada, kibali huria cha kazi ni dola 155 za Kanada na nyongeza ya 100, na alama za vidole 85.

Uingereza ndiko wengi hushtuka, kwa sababu ya ada ya huduma za afya: pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, kwa mtu mzima, inayolipwa yote kwa mkupuo. Viza ya miaka mitatu ni pauni 3,105 kabla hata ya ada ya viza yenyewe. Wenye viza ya wahudumu wa afya na wategemezi wao wamesamehewa ada hiyo. Madaktari na wauguzi, msilipe kwa kutojua.

Saudi Arabia hutoza riyali 400 kwa mwezi kwa kila mtegemezi, yaani riyali 4,800 kwa mwaka kwa kila kichwa. Familia nyingi zilirudishwa nyumbani kwa sababu ya hesabu hiyo. Ongeza tafsiri, mihuri, vipimo, nauli ya kwenda kwenye miadi.

Watatuuliza nini kuthibitisha ndoa ni ya kweli?

Mlikutana wapi, nani aliwakutanisha, ndoa ilifungwa lini na nani walihudhuria. Mwenza wako anafanya kazi gani, kampuni gani, anaishi mtaa gani, anaishi na nani. Mara ya mwisho mlionana lini. Hakuna swali la mtego hapo kwa watu wanaoishi pamoja moyoni, lakini woga huwafanya watu wasahau hata tarehe ya harusi yao.

Ushahidi mzuri ni ule wa kawaida uliotawanyika kwenye miaka: picha za misimu tofauti, tiketi za safari mlizoonana, risiti za pesa alizokuwa akituma, kumbukumbu za simu. Picha thelathini za siku ya harusi zinathibitisha harusi tu. Chagua kumi za nyakati tofauti, andika nyuma ya kila moja tarehe, mahali na nani wako pichani. Mazungumzo ya simu usiyachapishe yote. Chukua kurasa chache kutoka kila baada ya miezi kadhaa.

Kabla ya usaili, pigianeni simu mpitie pamoja fomu aliyoijaza kila mmoja. Si kukariri majibu, ni kuhakikisha kwamba yeye hakuandika mlikutana 2018 na wewe ukaandika 2019. Kumbuka kwamba walio kwenye H-1B na L-1, pamoja na wenza wao, hawatakiwi kuthibitisha kwamba watarudi nyumbani. Ukiulizwa kama mngependa kubaki, usidanganye kwa hofu.

Tuombe pamoja au atangulie?

Pamoja ni rahisi zaidi kama pesa inaruhusu: cheti kimoja, mwajiri mmoja, mara nyingi miadi ya siku moja. Akitangulia, kuna faida ya kuonyesha karatasi halisi za mshahara na nyumba iliyopangwa tayari, badala ya ahadi zilizo kwenye mkataba. Penye vigezo vya nyumba ni afadhali atangulie. Ila msikawie sana: kibali chake kinaendelea kuisha huku mkingoja.

Inachukua muda gani?

Uingereza kwa maombi ya nje, kwa kawaida wiki tatu tangu utoe alama za vidole. Kwingine miezi, na kwenye balozi zenye foleni, kupata miadi tu huchukua muda kuliko uamuzi wenyewe. Vituo kama VFS Global na TLScontact hupokea makaratasi na alama za vidole. Hawaamui chochote, kwa hiyo kuwabembeleza hakusogezi faili. Usikate tiketi isiyorudishiwa pesa wala usiache kazi kabla pasi haijarudi mkononi.

Nikifika, naruhusiwa kufanya kazi?

Jibu hili hubadilisha maisha ya ndoa, na ningependa kila wenza walijadili kabla ya kuhama.

Ujerumani, aliyekuja kwa kuungana na mwenye kibali cha ukaazi anaruhusiwa kufanya kazi bila kikwazo. Uingereza, karibu kazi zote ni ruksa isipokuwa uanamichezo wa kulipwa na ukocha wake. Australia, mwenza wa mwenye viza ya ujuzi anaweza kufanya kazi.

Marekani imegawanyika. Wenza wa L-1, wenye L-2, wanaruhusiwa kufanya kazi kwa hadhi yao yenyewe tangu Novemba 2021. Wenye H-4 hawaruhusiwi, mpaka mwenye H-1B afike hatua fulani ya kuelekea ukaazi wa kudumu. Utaratibu huo ulianza Mei 2015 na unahitaji kuomba kadi ya ruhusa ya kazi na kuisubiri. Watu wawili wanaokwenda kampuni moja, mmoja kwa L-1 na mwingine kwa H-1B, wenza wao wataishi maisha tofauti kabisa.

Japani, mwenza hufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki baada ya kuomba ruhusa. Singapore, tangu 1 Mei 2021, mwenye pasi ya mtegemezi anayetaka ajira lazima mwajiri amwombee kibali chake mwenyewe. Falme za Kiarabu, unaweza kubaki chini ya udhamini wa mwenza wako na mwajiri akakuombea kibali cha kazi.

Pale ambapo kazi hairuhusiwi, kazi za mtandaoni kwa mwajiri wa nyumbani nazo zinaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Usikubali kauli ya "kila mtu anafanya". Masomo, kwa upande mwingine, mara nyingi ni ruksa, na nimeona watu wakiutumia muda huo kupata leseni ya taaluma yao katika nchi mpya.

Nahitaji kujua lugha?

Ujerumani hutaka Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, kabla ya kuja, lakini wenza wa wenye Kadi ya Buluu ya Ulaya (kibali cha kazi cha wasomi) na wa wataalamu wengi wenye sifa wamesamehewa. Uliza mwenza wako kibali chake kinasoma kifungu gani kabla hujalipia darasa kwa ajili ya mtihani tu. Darasa lenyewe, hata hivyo, halipotei.

Vipimo vya afya?

Kifua kikuu ndicho kikubwa. Uingereza hutaka cheti kutoka kliniki walizoziidhinisha wao, kwa waombaji wa nchi zilizo kwenye orodha yao wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi sita. Cheti hudumu miezi sita, kwa hiyo usikiwahi mno. Falme za Kiarabu hupima baada ya kufika.

Watoto nao?

Huja chini ya mlango huohuo, kila mmoja na fomu yake na ada yake. Umri wa mwisho ni 18 sehemu kadhaa. Marekani ni chini ya 21 na awe hajaoa wala kuolewa. Mtoto wa ndoa ya awali huhitaji ridhaa ya maandishi ya mzazi mwingine, au amri ya mahakama. Ianzeni hiyo mapema kuliko yote.

Nimtumie wakala?

Huhitaji wakala kujaza fomu hizi kama unaweza kusoma maelekezo kwa utulivu. Ukimhitaji, awe mtu anayetambuliwa na sheria ya nchi unayokwenda. Vishoka utawajua kwa maneno yao: "nina mtu ubalozini," "lipa nusu leo tuwahi nafasi," "hiyo taarifa ya benki tutakutengenezea." Anayekutengenezea karatasi hajibu chochote, jina kwenye fomu ni lako. Udanganyifu huweza kukufungia Uingereza kwa miaka 10, Kanada kwa miaka 5, na Marekani maisha yote.

Nimenyimwa. Nifanye nini?

Lia ukitaka, mimi nililia. Kisha isome barua polepole na uchukue sababu moja moja. Kama ofisa amekosea karatasi uliyoiweka, dai mapitio: Uingereza huruhusu kwa waliokataliwa wakiwa nje ndani ya siku 28, kwa pauni 80. Ujerumani imeondoa tangu 1 Julai 2025 utaratibu wa kuuomba ubalozi uutazame upya uamuzi wake, na imebaki kuomba tena au kwenda mahakamani. Kama kosa ni lako, kama lilivyokuwa langu, rekebisha jambo hilohilo na uombe upya, ukitaja wazi kwamba ulikataliwa. Marekani, karatasi yenye kifungu 221(g) mara nyingi ina maana kuna hati inasubiriwa. Soma wanataka nini.

Mwenza akipoteza kazi, tukiachana, au nikipigwa?

Akipoteza kazi, saa inaanza kuhesabu kwenu wote. Marekani hutoa hadi siku 60, Uingereza kwa kawaida nayo siku 60. Tumieni muda huo kutafuta mwajiri mwingine, au wewe kubadili kwenda kwenye viza yako mwenyewe kama una sifa.

Talaka hukata mzizi wa viza. Ujerumani hutoa haki ya kubaki peke yako baada ya miaka mitatu ya ndoa mliyoishi huko, na mapema zaidi penye shida kubwa.

Kuhusu kupigwa, nisikilize vizuri. Mwenza wako hana mamlaka ya kukufukuza nchini. Serikali ndiyo yenye mamlaka hayo, na nyingi zimeweka njia kwa waliodhulumiwa. Kanada ina kibali cha muda kwa waathirika wa ukatili wa nyumbani, bila ada, tangu Julai 2019. Uingereza imepanua msaada wake mwaka 2024 hadi kwa wenza wa wafanyakazi na wanafunzi. Marekani, mwenye H-4 anayeteswa anaweza kuomba ruhusa ya kazi kwa jina lake. Ujerumani huhesabu ukatili kuwa shida kubwa. Pasi yako ikae kwako. Akiishika "kwa usalama," ichukue, na kama huwezi, ubalozi wa nchi yako unaweza kukusaidia kupata nyingine.

Nikitua, nianze na nini?

Ujerumani, jiandikishe anwani ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Japani, ndani ya siku 14. Falme za Kiarabu, ukaazi ukamilishwe ndani ya siku 60. Uingereza, fungua akaunti yako ya viza ya kidijitali wewe mwenyewe, kwa barua pepe yako. Marekani, ingia kwenye tovuti ya mipaka usome rekodi yako ya kuingia nchini, iitwayo I-94: mwenza wa L-1 anatakiwa kuona L-2S, na bila hiyo herufi ya mwisho mwajiri atasita.

Na muhuri wa mpakani usome ukiwa bado hujaondoka dirishani. Ofisa aliyenipokea aliniandikia tarehe ya mwisho iliyopungua mwaka mzima kuliko ya mume wangu. Nakala ya kibali chake ilikuwa kwenye bahasha yangu, nikaitoa, nikaweka kidole kwenye tarehe. Aliitazama, akaomba radhi, akagonga upya.